Gunpei Yokoi, fundi wa Kyoto aliyeweka mchezo wa video mfukoni, akafa kabla ya kuona mashini yake ya mwisho

Tarehe 4 mwezi wa kumi mwaka wa 1997, kwenye barabara kuu ya Hokuriku, katika jimbo la Ishikawa nchini Japani, gari moja lilipata ajali ndogo na lori. Waliokuwa ndani hawakuumia sana. Walishuka ili kuangalia namna gari lilivyoharibika. Wakati walipokuwa wamesimama kando, gari lingine lilifika kwa mbio na kumgonga mmoja wao. Alikufa siku ile ile, akiwa na umri wa miaka 56.

Mtu huyo aliitwa Gunpei Yokoi. Siku hiyo, watoto na wakubwa kwa mamilioni katika dunia nzima walikuwa wakicheza na kitu alichokitengeneza, mashini ndogo ya rangi ya kijivu iliyoitwa Game Boy. Wengi wao hawakujua jina lake. Wengi zaidi hawakujua kwamba alikuwa ameacha kampuni iliyompa sifa hiyo, na kwamba alikuwa akiandaa mashini nyingine ya kushindana nayo.

Mashini hiyo ilitoka miezi 17 baada ya kifo chake. Iliitwa WonderSwan. Ilitumia jiwe moja tu la radio, iliuzwa kwa bei ndogo kuliko zingine, na karibu haikutoka nje ya mipaka ya Japani. Leo ni wachache wanaoikumbuka. Lakini mtu akitaka kujua Yokoi aliamini nini maisha yake yote, afazali aangalie mashini hiyo.

Kijana wa kutengeneza mashini za karata

Gunpei Yokoi alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tisa mwaka wa 1941 katika muji wa Kyoto, muji wa zamani wa wafalme wa Japani. Alisoma masomo ya juu kwenye chuo kikuu cha Doshisha, hapo hapo Kyoto, na kutoka na diploma ya mambo ya umeme. Hakuwa kati ya wanafunzi wa kwanza. Makampuni makubwa ya umeme aliyoomba kazi hayakumchukua. Mwaka wa 1965 alipata nafasi kwenye kampuni moja ya karibu na kwao, ambayo wakati huo haikuwa na uhusiano wowote na elektroniki. Jina lake ni Nintendo.

Nintendo ilianzishwa mwaka wa 1889 kwa kutengeneza hanafuda, karata ndogo ngumu za Kijapani. Hanafuda ni karata 48 zenye picha za maua, na kila mwezi wa mwaka una ua lake. Mwaka wa 1965 kampuni ilikuwa bado inaishi kwa karata, lakini biashara ilikuwa inashuka. Mkurugenzi mkuu, Hiroshi Yamauchi, aliyerisi kampuni mwaka wa 1949 akiwa bado kijana, alikuwa amejaribu biashara nyingi kando: teksi, wali wa kupika haraka, na vingine. Hakuna kilichosimama.

Kazi ya Yokoi ilikuwa kuangalia mashini za kutengeneza karata zisisimame. Kwa kuwa mashini hazikuharibika kila siku, alikuwa na saa nyingi za bure. Alizitumia kwa kujitengenezea vitu vya kuchezea. Kimoja kilikuwa mkono mrefu wa vipande vinavyokunjika: mtu akibana mishikio kwa nyuma, vipande vinanyooka mbele na kushika kitu kilicho mbali.

Siku moja Yamauchi alipita kwenye kiwanda na kumkuta kijana akicheza na mkono huo wakati wa kazi. Alimwita ofisini. Yokoi aliingia akifikiri anaenda kuadhibiwa, labda kufukuzwa. Alitoka na amri ya kukifanya kitu kile kiwe bidhaa ya kuuzwa. Mwaka wa 1966 mkono huo ulitoka sokoni kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja. Kampuni iliyokuwa inatafuta njia ilipata njia, na fundi wa mashini za karata akawa mtu wa kuvumbua michezo.

Mafunzo ya umeme wa bei rahisi

Miaka iliyofuata ilimfundisha kitu alichokishika hadi mwisho. Aligundua kwamba hakuna haja ya kukimbilia teknolojia mpya na ya gali. Kuna vitu vingi ambavyo viwanda vimekwisha kuvizoea, vinavyopatikana kila mahali kwa bei ndogo, na ambavyo mtu akivipa kazi nyingine vinaweza kuzaa mchezo mpya kabisa.

Mwaka wa 1969 alitoa Love Tester. Ndani kulikuwa chombo cha kawaida tu cha kupima mkondo wa umeme. Mwanaume na mwanamke wanashikana mkono, kila mmoja anashika chuma kwa mkono wake mwingine, na sindano inapanda au kushuka, kana kwamba inapima mapendo yao. Hakukuwa na sayansi kubwa. Kulikuwa na sababu ya watu wawili kushikana mikono na kucheka.

Kisha ikaja bunduki ya mwanga. Kampuni ya Sharp ilikuwa ikiuza vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, vile vya sola. Yokoi alifikiria kuviweka kwenye shabaha: bunduki inatoa mwanga, kipande kinaupokea, na shabaha inaanguka. Mchezo huo ulitoka mwaka wa 1970. Fundi wa Sharp aliyekuwa akileta vipande hivyo, Masayuki Uemura, baadaye alihamia Nintendo, na ndiye aliyeongoza kazi ya mashini ya Famicom ya mwaka wa 1983.

Si kila kitu kilifanikiwa. Mwaka wa 1973 Nintendo iligeuza kumbi za bowling, ambazo wateja walikuwa wameziacha, kuwa mahali pa kupiga shabaha kwa bunduki za mwanga. Oda zilikuwa nyingi. Kisha mgogoro wa petroli wa mwaka ule ukapiga uchumi wa Japani, wateja wakarudisha oda zao, na kampuni ikabaki na madeni. Yokoi aliona kwa macho yake namna kazi ya miaka inavyoweza kuzama kwa sababu ambazo fundi hana uwezo juu yake.

Msafiri ndani ya treni

Karibu na mwisho wa miaka ya 1970, Yokoi alikuwa akisafiri katika treni ya mwendo wa kasi, shinkansen. Aliona mfanyakazi wa ofisi aliyechoka akibonyezabonyeza mashini yake ya kuhesabu, bila kuhesabu kitu, ili saa zipite tu. Yokoi alijiuliza: kama mtu mzima anaona haya kucheza mbele ya watu, si afazali apewe mchezo mdogo ambao unafichika kati ya mikono miwili, anaoweza kuuchezea magotini bila mtu wa pembeni kujua?

Siku kadhaa baadaye, dereva wa Yamauchi hakuweza kufika, na Yokoi, ambaye alijua kuendesha gari kubwa la mkurugenzi, aliombwa kumpeleka kwenye mkutano. Njiani akamsimulia wazo lake. Yamauchi hakuonyesha kwamba limemgusa. Lakini kwenye mkutano ule alikaa karibu na mkubwa wa kampuni ya Sharp, akamwambia habari hiyo. Sharp ilikuwa imetoka kwenye vita kali ya bei na Casio juu ya mashini za kuhesabu. Vioo vidogo vya kuonyesha namba vilikuwa vingi, na bei yake ilikuwa imeshuka sana. Sharp ilihitaji mnunuzi mpya, na Yokoi alihitaji kioo cha bei rahisi.

Tarehe 28 mwezi wa ine mwaka wa 1980, mchezo wa kwanza wa Game & Watch ulitoka. Ndani yake kulikuwa mtu mdogo mweusi anayerusha mipira. Picha hazikuwa zikichorwa na mashini: kila mahali mtu huyo anapoweza kuweka mkono palikuwa pamechorwa tayari kwenye kioo, na umeme ulikuwa unawasha na kuzima tu, sawa na namba za mashini ya kuhesabu. Kwa sababu chombo kilikuwa na uwezo wa kuhesabu saa, waliongeza saa. Hadi mwaka wa 1991, michezo ya aina hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 43.

Mwaka wa 1982, wakati wa kuweka mchezo wa Donkey Kong ndani ya Game & Watch yenye vioo viwili vinavyofungwa kama kitabu, tatizo lilitokea. Mchezaji alihitaji kumpeleka mtu wake juu, chini, kushoto na kulia. Kijiti cha kushika kingesimama juu na kuzuia mashini kufunga. Yokoi aliweka kibonyezo bapa chenye umbo la msalaba, ambacho kidole gumba kinaweza kukisikia bila macho kuangalia. Msalaba huo ulipita kwenye Famicom mwaka uliofuata, na mpaka leo ni vigumu kupata mshikio wa mchezo wa video usiokuwa nao katika namna moja au nyingine.

Wakati huo Yokoi alikuwa pia mkubwa wa kikundi cha kwanza cha utafiti cha Nintendo. Mwaka wa 1981 Yamauchi alimpa kazi ya kumsimamia kijana mchoraji aliyekuwa hajawahi kutengeneza mchezo wa video, Shigeru Miyamoto. Kilichotoka kwao kilikuwa Donkey Kong, mchezo wa kwanza ambamo Mario alionekana. Kikundi hicho kilitoa tena Metroid na Kid Icarus mwaka wa 1986.

Mashini ya kijivu isiyokuwa na rangi

Baada ya Game & Watch, wazo lililofuata lilikuwa wazi: mashini moja ya mkononi inayobadilishwa kaseti, ili mtu asinunue chombo kipya kwa kila mchezo. Ndani ya kikundi kulikuwa na mabishano. Yokoi alitaka kitu chepesi na cha bei ndogo. Msaidizi wake, Satoru Okada, alitaka mashini yenye nguvu zaidi, ambayo makampuni mengine yangeweza kuitengenezea michezo kwa miaka mingi. Game Boy ilipatikana kati ya mawazo hayo mawili.

Kioo ndicho kilichotoa jasho zaidi. Kile cha kwanza kilikuwa hakionekani vizuri mtu akikiangalia kutoka upande, na Yamauchi alipokiona alikasirika, hata mradi mzima ukakaribia kufa. Sharp ilibidi ibadilishe aina ya kioo. Lakini juu ya rangi, Yokoi hakurudi nyuma. Kioo cha rangi kilikuwepo, ila kilikula umeme kwa haraka na kupandisha bei. Alichagua kioo cha vivuli vine, chenye rangi ya majani makavu, bila taa kwa nyuma.

Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 mwezi wa ine mwaka wa 1989 kwa bei ya yeni 12,500, na Marekani mwezi wa saba kwa karibu dola 90. Wafanyakazi walipomletea habari kwamba washindani wanaandaa mashini zao, inasemekana kwamba aliuliza jambo moja tu: kama vioo vya washindani ni vya rangi. Walipomjibu kwamba ni vya rangi, alitulia.

Alijua hesabu yake. Atari Lynx, iliyotoka mwaka ule ule, ilikuwa na rangi na taa, lakini iliuzwa karibu mara mbili ya bei ya Game Boy. Game Gear ya Sega, ya mwaka wa 1990, ilimeza mawe 6 ya radio ndani ya saa chache tu. Game Boy ilitumia mawe 4 na kucheza zaidi ya saa 10. Iliweza kuanguka chini na kuendelea. Mtoto asiyekuwa na franka za kununua mawe mapya kila siku alijua upesi ni ipi inayomfaa.

Marekani iliuzwa pamoja na kaseti ya Tetris, mchezo wa vipande vinavyoanguka uliotungwa Moscow mwaka wa 1984 na Alexey Pajitnov. Tetris haikuhitaji rangi wala picha nzuri. Wakubwa waliicheza sawa na watoto. Game Boy na ile ya rangi iliyoifuata zilifikisha karibu mashini milioni 119 zilizouzwa. Wale waliokuwa na rangi na nguvu walibaki nyuma sana.

Mwanga mwekundu

Mtu aliyeshinda kwa kukataa mambo ya gali alianguka pale alipotaka kuruka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni moja ya Marekani, Reflection Technology, ilionyesha kioo kidogo cha kuweka mbele ya macho, kinachotumia taa ndogo nyekundu. Makampuni mengine yalikipita. Yokoi alikipenda. Aliona kwamba michezo ya video imeanza kufanana yote, kila mwaka ni nguvu zaidi na picha zaidi, bila wazo jipya. Alitaka kumtia mchezaji ndani ya dunia nyeusi ambamo vitu vinakaribia na kwenda mbali.

Virtual Boy ilitoka mwezi wa saba mwaka wa 1995. Ilibakia na rangi moja, nyekundu, kwa sababu taa nyekundu ndizo zilizokuwa za bei ndogo na zisizokula umeme mwingi. Katika hilo Yokoi hakubadilika. Lakini mashini ilikuwa nzito mno kuvaa kichwani, kwa hiyo ilisimama juu ya miguu miwili mezani, na mchezaji aliinama na kuingiza uso ndani. Haikuwa ya nyumbani, haikuwa ya safarini. Watu walilalamika kwamba macho na kichwa vinauma. Mtu wa pembeni hakuona kitu, na picha za kwenye magazeti hazikuweza kuonyesha kile ambacho mchezaji anaona.

Ndani ya mwaka mmoja biashara ilikwisha. Mashini karibu 770,000 tu ziliuzwa katika Japani na Marekani, na michezo 22 tu ilitengenezwa. Kwa mtu ambaye vitu vyake vilihesabiwa kwa makumi ya milioni, ilikuwa aibu mbele ya wote.

Wengi waliandika kwamba Nintendo ilimwazibu, na kwamba ndiyo sababu aliondoka. Yeye mwenyewe alikataa maelezo hayo. Alikuwa amefikiria tangu zamani kuacha kazi ya kampuni akiwa na miaka karibu 50, ili afanye kazi ndogo kwa uhuru wake. Hakutaka tu kuondoka akiacha kushindwa nyuma yake. Kwa hiyo alibaki na kumaliza Game Boy Pocket, ndogo na nyepesi kuliko ya kwanza, yenye kioo kinachoonekana vizuri zaidi na inayotumia mawe 2 madogo. Ilitoka mwezi wa saba mwaka wa 1996.

Mwaka huo huo, mwezi wa pili, michezo ya kwanza ya Pokémon ilikuwa imetoka Japani kwa ajili ya Game Boy. Mtungaji wake, Satoshi Tajiri, alivutiwa na waya mdogo unaounganisha Game Boy mbili. Wachezaji waliutumia kubadilishana wanyama wao, na mashini iliyokuwa na miaka 7, ambayo wengi waliidhani imezeeka, ilianza maisha mapya. Yokoi aliacha Nintendo tarehe 15 mwezi wa nane mwaka wa 1996, baada ya miaka 31, wakati kazi yake kubwa ilikuwa inaanza kupanda tena.

Jiwe moja la radio

Mwezi uliofuata alifungua kampuni yake ndogo, Koto, hapo hapo Kyoto. Mteja aliyemwendea alikuwa Bandai, kampuni ya Tokyo ya vitu vya kuchezea vya watoto.

Bandai ilikuwa na sababu zake. Mwisho wa mwaka wa 1996 ilitoa Tamagotchi, yai dogo la plastiki lenye kifaranga wa kulisha, na dunia nzima ililikimbilia. Lakini mashini yake ya Pippin, iliyotengenezwa pamoja na Apple, ilishindwa vibaya, na mwaka wa 1997 mpango wa kuungana na Sega ulivunjika. Ilitaka mashini ya mkononi yake yenyewe. Nani wa kumwomba, kama si mtu aliyetengeneza ile iliyowashinda wote?

Yokoi alirudi kwenye njia yake ya zamani. Mashini mpya ingekuwa na kioo kisicho na rangi. Ingetumia jiwe moja tu la radio la kawaida, lile la ukubwa wa kidole, na kucheza zaidi ya saa 30. Bei ingekuwa chini kabisa. Na vibonyezo vingepangwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuishika kwa upana au kuisimamisha kwa urefu, kufuatana na mchezo.

Halafu ikaja ile ajali ya barabara ya Hokuriku. Kampuni ya Koto ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache.

Wenzake hawakuacha kazi. Tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka wa 1999, WonderSwan iliuzwa kwa mara ya kwanza, kwa yeni 4,800. Mtu akikumbuka kwamba Game Boy ya kwanza iliuzwa kwa yeni 12,500 miaka 10 mbele yake, anaelewa umbali uliokuwa umetembewa. Ndani ya chombo hicho chepesi kulikuwa kichwa cha kuhesabu cha biti 16, wakati Game Boy ilikuwa bado na biti 8. Moja kati ya michezo ya kwanza iliitwa Gunpey. Ni mchezo wa kuunganisha mistari kutoka upande mmoja wa kioo mpaka mwingine, ambao Yokoi alishiriki kuuwaza. Jina liliwekwa kwa heshima yake.

WonderSwan ilipata nafasi, ila ndogo. Nintendo ilikuwa tayari imetoa Game Boy ya rangi mwezi wa kumi mwaka wa 1998, na Pokémon ilikuwa imeshika mioyo ya watoto wote. Bandai ilijibu tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2000 kwa WonderSwan Color, ya yeni 6,800. Iliendelea na jiwe moja, na ilikuja na Final Fantasy ya kampuni ya Square, ambayo wakati ule haikuwa na uhusiano mzuri na Nintendo. Kwa miezi michache ilionekana kwamba mashini ya marehemu ingeweza kuisumbua kampuni ya marehemu.

Miezi hiyo hiyo inakumbukwa kwa namna nyingine katika Kivu. Mwisho wa mwaka wa 2000 bei ya coltan ilipanda kwa kasi katika soko la dunia, kwa sababu viwanda vya telefone, vya kompyuta na vya michezo ya video vilitaka tantalum nyingi kuliko iliyokuwepo. Vijana waliacha mashamba na masomo na kwenda kwenye machimbo, wakati vikundi vya silaha vilikuwa vikishindania machimbo hayo. Mwaka wa 2001 bei ilianguka, na wengi walibaki mikono mitupu. Yokoi alikuwa amekufa kabla ya hayo. Lakini vitu vidogo vya mfukoni, ambavyo yeye alikuwa kati ya watu wa kwanza kuvizoesha dunia, vilikuwa vimekuwa sehemu ya maisha ya watu ambao hawakupata kuvicheza.

Kilichobaki

Mwezi wa tatu mwaka wa 2001 Nintendo ilitoa Game Boy Advance, yenye nguvu zaidi. Square ikarudiana na Nintendo. Mwezi wa saba mwaka wa 2002 Bandai ilijaribu mara ya mwisho kwa SwanCrystal, yenye kioo kizuri zaidi, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuchagua. Mwaka wa 2003 kazi ilisimamishwa. Inakadiriwa kwamba mashini zote za familia ya WonderSwan ziliuzwa karibu milioni 3.5, karibu zote Japani.

Mwaka huo huo wa 2003, shirika la kimataifa la watengenezaji wa michezo ya video lilimpa Yokoi tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote, miaka 6 baada ya kifo chake.

Mwaka uliofuata Nintendo ilitoa mashini mpya ya mkononi, Nintendo DS. Ilikuwa na vioo viwili, ilifungwa kama kitabu, na msalaba wa kubonyeza ulikuwa kushoto. Waliokuwa na umri wa kutosha walikumbuka mara moja Game & Watch ya mwaka wa 1982. Fundi Okada, aliyebishana na Yokoi juu ya Game Boy, alikuwa kati ya walioiongoza kazi hiyo.

Katika kazi ambayo kila mtu anashindana kuonyesha nguvu mpya, Gunpei Yokoi aliuliza swali lingine: mtu wa kawaida anaweza kulipa ngapi, na mawe yake ya radio yatadumu saa ngapi? Alipoliacha swali hilo kidogo, na Virtual Boy, alianguka. Alipolirudia, hakupata muda wa kuona jibu. WonderSwan haikushinda soko. Lakini ilitoka namna alivyoitaka: nyepesi, ya bei ndogo, na yenye kucheza siku nyingi kwa jiwe moja.